Kura peke yake haitoshi: Kinachotenganisha demokrasia na udikteta

KARIBU kila taifa ulimwenguni hujiita la kidemokrasia. Korea Kaskazini, ambayo imetawaliwa na ukoo mmoja tangu 1948, ina neno hilo katika jina lake rasmi. Ujerumani Mashariki, iliyojenga ukuta jijini Berlin mnamo 1961 ili kuwazuia raia wake kutoroka, ilijiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani hadi ilipotoweka 1990.

Ni dhahiri basi kwamba jina si hoja. Je, hoja ni ipi? Ni kipi hasa kinachotenganisha serikali ya kidemokrasia na ile isiyokuwa ya kidemokrasia?

Swali hili huenda likaonekana kuwa la darasani, ila sivyo. Tangu wanajeshi walipotwaa mamlaka nchini Mali mnamo 2020, Burkina Faso 2022 na Niger 2023, zimesikika sauti humu nchini, hasa za vijana waliozaliwa baada ya enzi ya chama kimoja, zikidai kwamba demokrasia imetuletea wizi na ukabila tu. Wanachotaka wao ni kiongozi mmoja shupavu, asiyebabaishwa na bunge wala mahakama.

Baadhi ya wazee nao huyakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyogawiwa watoto shuleni, wakasema kuwa zama hizo angalau kulikuwa na nidhamu.

Madai hayo hayafai kubezwa. Yanafaa kujibiwa, na sehemu kubwa ya jibu imo katika historia yetu wenyewe.

Sampuli za tawala

Tawala zisizo za kidemokrasia ni za sampuli nyingi. Kuna ufalme kamili, ambapo neno la mfalme ndilo la mwisho. Nchini Eswatini, Mfalme Sobhuza wa Pili aliifutilia mbali katiba na kupiga marufuku vyama vya siasa mnamo 1973. Hadi leo vyama haviruhusiwi kushiriki uchaguzi nchini humo.

Kuna utawala wa kijeshi, kama ule wa Idi Amin nchini Uganda kati ya 1971 na 1979. Kuna utawala wa chama kimoja, kama uliokuwapo Tanzania tangu 1965 hadi 1992, na hapa Kenya kisheria tangu 1982 hadi 1991.

Aidha, kuna utawala wa kikoloni, ambao aghalabu husahauliwa katika orodha hii. Uingereza ilikuwa na demokrasia kwao nyumbani ilhali hapa Kenya ilitawala kwa amri. Waafrika waliporuhusiwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, walipewa viti 8 pekee. Isitoshe, haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, mali na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu huku jirani yake akikosa hata moja.

Ni muhimu pia kutambua kisichokuwa tofauti. Kuwapo kwa mfalme hakumaanishi kuwa demokrasia haipo: Uingereza na Lesotho zina wafalme, lakini wanaoendesha serikali ni waziri mkuu na bunge lililochaguliwa. Vivyo hivyo, kuwa na rais hakumaanishi kuwa demokrasia ipo. Amin alikuwa rais.

Kura zilikuwapo

Wengi watajibu upesi kwamba tofauti ni uchaguzi. Hapo ndipo historia ya Kenya inapotufunza jambo.

Tangu chama cha KPU chake hayati Jaramogi Oginga Odinga kipigwe marufuku mnamo Oktoba 1969, Kenya ilisalia na KANU pekee. Hata hivyo, chaguzi hazikukoma. Wakenya walipiga kura 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988. Wala hazikuwa za mzaha wakati wote: wabunge wengi walibwagwa, mawaziri wakiwamo. Mnamo 1974 aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Dkt Njoroge Mungai, alipoteza kiti chake cha Dagoretti.

Lakini katika chaguzi hizo zote, jina la mtu mmoja halikupingwa: la Rais. Mzee Jomo Kenyatta na baadaye Daniel arap Moi walitangazwa washindi bila kura hata moja kupigwa. Mwananchi aliweza kumfukuza mbunge wake. Aliyeshika hatamu za nchi hakuweza kumgusa.

Yafaa tulitafakari hili: Mkenya hakuwahi kupiga kura ya moja kwa moja kumchagua rais hadi Desemba 29, 1992, miaka 29 baada ya uhuru.

Hata uhuru huo mdogo wa kumchagua mbunge ulipunguzwa mnamo 1988. Katika mchujo wa KANU mwaka huo, karatasi ya siri iliondolewa na wapiga kura wakatakiwa kupanga foleni nyuma ya mgombeaji au wakala wake, mtindo uliojulikana kama mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni alihesabiwa kuwa mbunge papo hapo, bila kura ya siri kufuata. Malalamishi yalizagaa kwamba kwingine waliokuwa na foleni fupi ndio waliotangazwa washindi. Na kwa kuwa foleni haihifadhiwi sandukuni, mara watu walipotawanyika hapakusalia kitu cha kuhesabu upya.

Kwa hivyo, kura peke yake haitoshi. Kura ni ya kidemokrasia pale tu inapoweza kumwondoa aliye juu kabisa, na pale inapoweza kukaguliwa baada ya kupigwa.

Linganisha na uchaguzi wa Agosti 2022. Matokeo ya kila kituo, kati ya vituo 46,229, yaliandikwa katika fomu iliyotiwa saini na kuwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, hivi kwamba mwananchi yeyote aliyekuwa na simu aliweza kujijumlishia mwenyewe. Ushindani ulikuwa mkali na walioshindwa walikwenda kortini, lakini walikwenda na karatasi mikononi.

Nani awezaye kusema 'hapana'?

Uchaguzi huja mara moja katika miaka mitano. Katikati yake kuna takriban siku 1,800 ambapo mtawala ana polisi, hazina na jeshi chini ya amri yake. Tofauti kubwa kati ya serikali za kidemokrasia na zisizo za kidemokrasia hudhihirika katika siku hizo. Je, yupo mtu anayeweza kumwambia mtawala 'hapana', akatiiwa, na usiku huo akalala nyumbani kwake?

Tuanze na mahakama. Septemba 1972, wanajeshi wa Amin waliingia katika Mahakama Kuu jijini Kampala na kumtoa ofisini Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka. Aliuawa. Katika nchi ambamo Jaji Mkuu hutekwa mchana peupe, ni jaji yupi mwingine atakayethubutu kuamua kesi dhidi ya serikali?

Kenya haikufika huko, ila iliitumia njia ya kimyakimya zaidi. Mnamo 1988 Bunge liliirekebisha katiba na kuondoa kinga ya ajira ya majaji, hivyo kumpa Rais uwezo wa kuwaachisha kazi. Kinga hiyo ilirejeshwa 1990 baada ya shinikizo. Jaji anayeweza kufutwa kazi asubuhi hahitaji kutekwa ili aelewe anachotarajiwa kuandika katika hukumu yake.

Chini ya Katiba ya 2010, Rais hawezi kumwondoa jaji kwa hiari yake. Ni lazima Tume ya Huduma za Mahakama ichunguze malalamishi na jopo maalum liyasikilize. Matunda ya utaratibu huo yalionekana Septemba 1, 2017, pale Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipobatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti 8. Majaji wanne kati ya sita walisema haukuendeshwa kwa mujibu wa katiba. Rais Uhuru Kenyatta aliwashutumu majaji hao hadharani kwa maneno makali, lakini alirudi debeni Oktoba 26. Maraga aliendelea na kazi hadi alipotimiza umri wa kustaafu.

Pili, bunge. Oktoba 1975, miezi michache baada ya kuuawa kwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini J.M. Kariuki, Martin Shikuku alisema bungeni kwamba KANU ilikuwa imekufa. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney alijibu kuwa jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa kortini. Wabunge waliosalia walijifunza somo lao.

Tatu, raia na vyombo vya habari. Mtawala anaweza kuulizwa tu kuhusu mambo yanayojulikana. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa na vikosi vya usalama. Serikali ilitaja idadi ya watu 57. Ilichukua miaka 29 hadi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kusema katika ripoti yake ya 2013 kwamba waliouawa walikuwa wengi mno kuliko hao, na kwamba huenda walikaribia elfu moja.

Je, gazeti lingaliweza kuchapisha hayo 1984? Jarida la Beyond lilipoandika kuhusu udanganyifu wa mlolongo mnamo 1988, lilipigwa marufuku na mhariri wake akatiwa gerezani. Hilo lilikuwa kosa la kuandika kuhusu foleni tu, sembuse maiti.

Dikteta mwema

Turudi sasa kwa wanaosema kuwa kiongozi mmoja shupavu ndiye dawa.

Hoja yao ina mvuto kwa sababu wanachokipima ni mwanzo. Amin alipompindua Milton Obote Januari 25, 1971, umati wa watu ulijitokeza katika barabara za Kampala kushangilia. Aliahidi kwamba jeshi lingekaa kwa muda tu na kwamba uchaguzi ungefanywa. Kiwanuka mwenyewe aliachiliwa na Amin kutoka kizuizini alikowekwa na Obote, kisha akateuliwa naye kuwa Jaji Mkuu. Yaliyompata tumekwisha kuyaeleza. Amin aliondoka Aprili 1979, baada ya jeshi la Tanzania kuvuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Tatizo la dikteta, basi, si kwamba lazima awe mbaya tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba siku atakapokuwa mbaya, hakuna mlango wa kumtolea isipokuwa bunduki au kifo.

Huenda mtu akauliza: vipi kuhusu Mwalimu Julius Nyerere? Naam, Mwalimu aliongoza chini ya chama kimoja na akang'atuka kwa hiari 1985. Lakini kiini cha sentensi hiyo ni neno 'hiari'. Watanzania walibahatika kuwa na mtu aliyetaka kuondoka. Mobutu Sese Seko wa Zaire, aliyetwaa mamlaka 1965, hakutaka, na majirani zetu hao walilazimika kusubiri hadi 1997, vita vilipomfurusha. Mfumo unaotegemea moyo wa mtu mmoja ni sawa na kamari ambayo dau lake ni nchi nzima.

Ahadi za wanajeshi wa leo zimeanza kufuata mkondo uo huo. Nchini Burkina Faso, utawala wa mpito uliopaswa kumalizika Julai 2024 uliongezewa miaka mitano. Nchini Mali, vyama vyote vya siasa vilivunjwa Mei 2025, na miezi miwili baadaye Jenerali Assimi Goïta akapewa muhula wa miaka mitano unaoweza kurefushwa pasipo uchaguzi.

Linganisha na Malawi. Februari 2020 mahakama ilibatilisha ushindi wa Rais Peter Mutharika. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka huo, alishindwa na Lazarus Chakwera. Septemba 2025 wapiga kura, wakiwa wamelemewa na gharama ya maisha, walimwondoa Chakwera na kumrejesha Mutharika. Malawi ni maskini kama ilivyokuwa, lakini raia wake wamebadilisha serikali mara mbili katika miaka mitano bila vita. Wakijuta, wana tarehe ya kurekebisha.

Demokrasia si pepo

Yote haya hayamaanishi kuwa demokrasia ni pepo. Uchaguzi wetu wa Desemba 2007 ulizaa ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwatimua mamia ya maelfu kutoka makwao. Kura hununuliwa, na ukabila hutumiwa kama ngazi. Wezi wa mali ya umma hugombea na kushinda.

Wala serikali iliyochaguliwa haikosi kuua. Juni 25, 2024 polisi waliwafyatulia risasi vijana walioandamana kuupinga Mswada wa Fedha na kuingia katika majengo ya Bunge. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya mwaka huo, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikarekodi visa vingi vya watu kutekwa nyara.

Lakini ni muhimu kuona pia kilichofuata. Juni 26 Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia saini mswada huo. Majina ya waliouawa yalichapishwa na picha zikasambazwa. Familia zilikwenda mahakamani. Hakuna aliyelazimika kusubiri miaka 29 kujua kwamba watu wameuawa.

Haki kamili kwa waathiriwa ni jambo jingine. Demokrasia haizuii kila uovu. Huhakikisha tu kwamba uovu una mashahidi, una mahali pa kushtakiwa, na una siku ya kupigiwa kura.

Ndiyo sababu walioteswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo miaka ya themanini walianza kulipwa fidia kwa amri ya Mahakama Kuu kuanzia 2010. Dola ile ile iliyowatesa ilishtakiwa katika korti zake yenyewe, ikashindwa.

Jinsi inavyopotea

Kuna jambo la mwisho, na pengine ndilo kubwa zaidi. Wengi hudhani demokrasia hupinduliwa kwa vifaru na matangazo ya alfajiri redioni. Jaribio kama hilo lilifanywa Kenya Agosti 1, 1982, na likatibuka.

Lakini demokrasia ya Kenya ilikuwa imekwisha kuuawa miezi miwili kabla ya hapo. Juni 1982, baada ya kufahamika kuwa Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona walikusudia kuunda chama kipya, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Waliofanya hivyo walikuwa wabunge waliochaguliwa, wakiwa wamevaa suti na kufuata kanuni za Bunge.

Mnamo 1986 ilikuwa zamu ya kinga ya ajira ya Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mnamo 1988 wakafuata majaji. Kila badiliko lilitetewa kwa maneno matamu: umoja, uthabiti, maendeleo. Waliokuwa na uwezo wa kusema 'hapana' walipunguzwa mmoja baada ya mwingine hadi akabaki msemaji mmoja.

Uganda ilipitia njia iyo hiyo. Kikomo cha mihula ya rais kiliondolewa na Bunge 2005, kisha kikomo cha umri wa miaka 75 kikaondolewa na Bunge 2017. Rais Yoweri Museveni, aliyeingia madarakani Januari 1986, hakuhitaji kuipindua katiba yake mwenyewe.

Kulirudisha tulilopoteza kuliwagharimu Wakenya wengi. Hayati Kenneth Matiba na Charles Rubia walizuiliwa bila kushtakiwa Julai 1990, na watu wakauawa katika ghasia za Saba Saba. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Ilibidi kusubiri hadi Desemba 30, 2002 kumwona Rais Moi, baada ya miaka 24, akimkabidhi Mwai Kibaki mamlaka katika bustani ya Uhuru. Mgombea aliyeungwa mkono na Moi alikuwa ameshindwa debeni, na katiba ilikuwa imemzuia Moi mwenyewe kugombea tena.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huo tuliujenga kwa miaka ishirini, na wapo waliofia katika ujenzi wake.

Kwa hivyo, pindi mswada wa kurekebisha katiba unapoletwa, uwe wa kuongeza muhula, kupunguza mamlaka ya majaji, kuibana tume ya uchaguzi au kudhibiti mitandao, raia hana haja ya kuwa wakili ili aupime. Inamtosha kuuliza: baada ya sheria hii kupita, ni nani atakayekuwa amepoteza uwezo wa kumwambia mtawala 'hapana'? Na aliulize swali hilo mapema, wakati mbunge wake bado hajapiga kura.